Mng'ongo Uliobaki Peke Yake

Marahaba, mjukuu wangu Neema. Mvua imechelewa hapa Gulwe, ila mama yako hajambo. Umeuliza kwa nini nakataza ule mti wa mng'ongo wa shambani usikatwe.

Nilipoolewa, pori lilikuwa likigeuzwa mashamba. Shemeji zangu walikata mng'ongo dume kwa kuwa hauzai. Ule jike ukabaki peke yake, ukaacha kuzaa. Nami nilikuwa sijapata mtoto.

Siku moja shemeji mkubwa akaja na shoka. "Mti tasa, mke tasa!"

Mama mkwe akamzuia. "Hauna kosa. Mwenzake mmemkata wenyewe."

Akaleta mbegu za mng'ongo kutoka mlima wa mbali, akazipanda jirani na ule mti ili uote dume mwingine. Alifariki kabla haujazaa tena. Matunda ya kwanza niliyaokota mimi, mama yako akiwa mgongoni.

Bibi yako