Mashine Mbili za Mama Yako

Rugenge, Uvira
Jumapili, baada ya ibada

Mwanangu Noella,

Pokea salamu zangu pamoja na za mama yako mdogo Pétronille, ambaye amesimama nyuma ya kiti changu akinihimiza nisisahau kuuliza kama kile kikohozi chako kimepona. Basi, nimeuliza. Tunaamini barua hii itakukuta mzima hapo Lubumbashi, wewe na watoto, na kwamba kazini wamekupunguzia ile zamu nzito. Sisi huku tungali hai. Miguu yangu inalalamika kila ninapopanda kwenda kanisani, lakini macho, tangu daktari wa Bukavu aliponitoa ule ukungu, yanasoma hata herufi ndogo za kwenye maboksi ya dawa. Ziwa limerudi nyuma kidogo, na majirani wa chini wameanza kusimamisha tena kuta zilizobebwa na maji. Ndagala, dagaa wetu, wanapatikana. Kila anayekuja kutupa pole ya mama yako anauliza habari zako.

Nimeona heri niandike, nisipige simu. Simu hukatika pale hasa neno linapokaribia kufika, na hili ninalotaka kukuambia lina hatua zake. Ukikosa moja, nyingine haitasimama. Unanijua: wanafunzi wangu wa fizikia walikuwa wakisema mwalimu Mathieu hawezi kukuonyesha mlango bila kwanza kukueleza bawaba. Nivumilie tena leo.

Siku tulipomzika mama yako ulilia kwenye simu kwa kuwa ulisikia dawa yake ilikosa baridi, ukaniuliza, kati ya zile konvertisa mbili za umeme wa jua ulizotuma, ni ipi iliyoharibika. Ukasema ulinunua za bei nafuu, na kwamba wewe ndiye uliyemuua mama yako kwa ubahili. Simu ilikuwa kwenye sauti kubwa. Wadogo zako wote wawili walikuwa nami, Chadrack upande wangu wa kulia, Patient wa kushoto, wakisikia kila neno. Mbele yangu palikuwa na watu wa kilio, nami nikakuambia nitakujibu baadaye. Jibu ni hili, Noella: hakuna mashine iliyoharibika. Zote mbili ni nzima hadi saa hii, na ulichagua vizuri.

Sasa nikueleze. Jua hupiga zile plaki zilizo juu ya bati, umeme wake huingia kwenye betri, na konvertisa huuchukua umeme wa betri na kuugeuza uwe umeme wa taa na wa frigo. Fundi Habonimana alipokuja kufunga, mimi na marehemu baba yako, kaka yangu Jean-Marie, tulikaa tukimtazama mpaka akakasirika. Mashine mbili alizifunga zifanye kazi kama moja. Betri nne aliziunga mfululizo, kwa sababu mashine za aina ile haziamki bila nguvu ya zote nne pamoja. Nyaya nene alizikata kwa urefu uleule, ili mashine moja isibebe mzigo mzito kuliko mwenzake. Kisha, katikati, akachomeka waya mwembamba wa buluu, kama ule wa simu za mezani za zamani. Nikamuuliza wa nini. Akasema kwa waya huo mashine husikilizana: hii inaiambia ile, niko hapa, twende pamoja. Ukiuchomoa, kila moja itaona mwenzake amepotea, itapiga kelele na kukataa kazi, mpaka fundi aje kuiambia kwamba sasa iko peke yake. Baba yako alicheka sana. Alisema basi ni kama yeye na mama yako Élisabeth sokoni.

Unajua kwamba baba yako alipoondoka tulikaa kilio, na baada ya muda wake ikafika siku ya kukiondoa, siku ambayo huku kwetu vitu vya marehemu hugawanywa mbele ya ukoo, kila mtu ashike chake na maneno yaishe. Mimi sikuwapo. Nilikuwa Bukavu na jicho moja limefungwa kitambaa. Niliyoyasikia nimeyasikia kwa waliokaa pale, hasa jirani yenu Generose, ambaye hasahau kitu.

Kiwanja cha Makobola hakikuleta shida, wala ng'ombe wale wawili wanaochungwa Mulenge. Shida ilikuja kwa umeme. Chadrack alisema umeme ubaki pale pale kwa mama, na kwa kuwa yeye anakaa ua huohuo, ndiye atakayeutunza. Patient akamjibu, nakuandikia kama alivyosema, “Ni hivyo tu, weye utatunza ukiwa na taa, na minye nitatunza nikiwa na giza.” Chadrack akasimama. Patient akasimama. Generose anasema kiti kiliinuliwa juu. Hapo ndipo wazee wakaona jambo jepesi: mashine ni mbili, watoto wa kiume ni wawili, betri ni nne, plaki nazo ni shufwa. Gawa. Kila mmoja mashine yake, betri mbili na nusu ya plaki, kama mnavyogawa mbuzi. Chadrack angevuta waya mpaka kwenye frigo ya mama. Watu wakapiga makofi, wakaimba wimbo, wakala.

Waya wa buluu ulikuwa mmoja. Kitu kimoja hakigawanyiki, kwa hiyo ulibaki sakafuni.

Unaelewa, mwanangu, kilichofuata. Betri mbili haziwezi kuamsha mashine inayodai nne. Chadrack alifunga yake, ikanyamaza. Patient alipeleka yake nyumbani kwake karibu na barabara ya Fizi, ikanyamaza. Lingekuwa jambo la kumwita fundi tu, lakini Habonimana amehamia ng'ambo ya mpaka, na wadogo zako walikuwa bado na moto kifuani. Kila mmoja aliamini mwenzake amechagua nzima na kumwachia mbovu. Chadrack alikwenda kwa Patient akamwambia mbele ya mke wake, “Weye ulibeba muzima, minye ukaniachia maiti.” Patient akamwambia, “Kama yako ni maiti, yangu iko kaburini tangu siku ile, njoo uombee.” Wakabadilishana mashine kwa hasira, kila mmoja akirudi na ya mwenzake, na hizo nazo zikanyamaza. Baada ya hapo hawakusalimiana tena, hata kanisani.

Na katikati ya yote hayo kulikuwa na frigo, na ndani ya frigo kulikuwa na insulini ya mama yako, ambayo kwa sababu yake wewe ulituma mashine hizo tangu mwanzo. Umeme wa mji unajua mwenyewe unavyokuja na kuondoka. Dawa ile ikikaa katika joto la Uvira hupoteza nguvu, na kwa macho huwezi kuona. Chupa ni ileile, maji ni yaleyale.

Mimi niliporudi kutoka Bukavu nilikwenda kumsalimu. Aliniita mulamu, yaani shemeji, kama siku zote, akanitania kwamba daktari amenirudishia macho ili nione nilivyozeeka. Nikamuuliza umeme vipi. Akasema upo. Frigo ilikuwa imefunikwa kitambaa chake cha kufuma, juu yake redio ndogo, na mimi sikuifungua. Mtu hafungui frigo ya shemeji yake.

Alipoanguka ni Generose aliyempeleka hospitali na kuniita. Sukari ilikuwa imepanda kupita kiasi. Muuguzi aliniuliza dawa huwa inakaa wapi, nami nikasema kwa kujiamini kwamba inakaa kwenye frigo. Nikatumwa kuichukua. Nilipoinua kile kitambaa na kufungua mlango, hewa iliyonipiga usoni ilikuwa ya moto, Noella, yenye harufu ya mpira. Chupa zilikuwa zimepangwa vizuri kabisa, kama zinavyopaswa kupangwa.

Niliwaita wadogo zako wote wawili. Sikuwagombeza. Niliwaambia walete kila kitu walichobeba, betri, mashine na nyaya, pale pale sebuleni, na walileta, kila mmoja akiingia kwa mlango wake. Nikachukua mita yangu ya kupimia umeme, ile ya shule. Nikawaonyesha betri za Chadrack: nzima, ila zimeshuka. Za Patient: vilevile. Plaki tukazirudisha juu ya bati, zote, ili jua lizilishe betri. Nikaunga betri nne mfululizo mbele yao, na mashine ya kwanza ikawaka. Patient akasema, “Mungu wangu, ile maiti iko hai.” Kisha ikaanza kupiga kelele, taa nyekundu, ikakataa. Nikachomeka ya pili peke yake, nayo ikafanya hivyohivyo. Nikawaeleza kwa nini. Nikawauliza uko wapi waya mwembamba wa buluu. Wakatazamana, mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Hakuna aliyejua.

Nilirudi hospitali, na kwa sababu sikuwa na wa kumuuliza mwingine nilimuuliza mama yako. Alikuwa amepata nafuu kidogo, sauti yake ndogo. Akasema upo kwenye kopo la vifungo, chini ya kitanda. Aliuokota siku ile baada ya watu kuondoka, akauzungushia kidoleni, akauweka. Alisema, “Niliona ni kamba nzuri, na watu wanaitupa.”

Basi tuliuchomeka. Hazikuanza papo hapo; kwanza zilikaa kimya kama watu wanaojiuliza nani aanze kusalimu. Kisha taa ya kijani hapa, taa ya kijani pale, feni zikazunguka pamoja, na frigo ikashtuka ikaanza kunguruma. Chadrack aliweka mkono juu yake. Patient alitoka nje. Kazi yote ilituchukua alasiri moja. Ningekuwa na moyo wa kukuficha kitu, ningekuficha hilo.

Nilikwenda kumwambia mama yako kwamba frigo inafanya kazi na dawa mpya inamsubiri. Hapo ndipo aliponiambia nisilolijua, na ndilo lililonifanya nikae na kalamu leo.

Aliniambia alijua tangu wiki ile ya kwanza. Siku ya kuondoa kilio, kiti kilipoinuliwa, ni yeye aliyewanong'oneza wazee wagawe mashine. Alifikiri mashine mbili ni kama mbuzi wawili, kila mmoja atatembea kwa miguu yake. Frigo ilipozimika hakusema. Angemwambia Chadrack, Chadrack angekwenda kumpiga Patient. Angepeleka dawa kwenye kituo cha afya, au kwa Generose aliyekuwa na sehemu ya baridi, Rugenge nzima ingejua kwamba watoto wa Jean-Marie wamemwacha mama yao bila umeme. Kwa hiyo alifunika frigo kwa kitambaa, akaendelea kujidunga dawa aliyoiona imekuwa na joto, akamwambia kila aliyeuliza kwamba umeme upo. Chadrack alidhani umeme wa mji unatosha. Patient alidhani Chadrack ameshughulikia.

Nawe ulikuwa ukimuuliza kila Jumapili. Ulimwambia, aliniambia hivyo, “Mama, iko inafanya kazi kweli? Hebu nisikie.” Naye akapeleka simu karibu na frigo ili usikie. Noella, ule mngurumo uliousikia ulikuwa ni ile redio ndogo. Aliiweka kati ya stesheni mbili, pale inaponguruma tu bila kusema neno.

Akaniomba nikuambie kwamba mashine zilizeeka tu. Nilimshika mkono, lakini sikumwahidi. Akalala, na kabla hatujampeleka nyumbani akaondoka. Daktari anasema figo nazo zilikuwa zimechoka, na sitaki uamini kwamba ni frigo peke yake. Lakini sitakuambia kwamba mashine zilizeeka. Angeniomba ninyamaze, labda ningeweza. Kusema kwamba kitu kizima kimekufa siwezi, hasa kama uongo huo wewe ndiwe utakayeubeba.

Wadogo zako wanajua habari ya betri na ya waya, na waliniomba nikuandikie kwa sababu wao wanaona haya. Habari ya redio hawaijui. Sikuwaambia. Wanafikiri mama yao hakuelewa kwamba dawa imeharibika, na kwa fikira hiyo wanaweza kulala. Wewe ni dada yao mkubwa. Kama ni kuwaambia au kutowaambia, nimekuachia wewe, nami nitafuata neno lako. Naomba tu usiwakatie simu. Wanakuja hapa jioni, wote wawili, wanakaa sebuleni bila kuongea sana. Patient alifuta vumbi kwenye feni za mashine. Hakuna aliyetaja tena kugawa.

Frigo haina kitu ndani isipokuwa chupa ya maji. Generose aliuliza kwa nini tusiizime, tupumzishe betri. Ni swali zuri, na kifizikia amesema kweli, lakini tumeiacha iwake. Ukipiga simu nyumbani ukasikia kitu kinanguruma nyuma yetu, usiulize. Safari hii ni frigo yenyewe.

Mama yako mdogo anakukumbatia, na ametia ndani ya bahasha hii kifungo kimoja kutoka kwenye lile kopo, ukishone panapokufaa. Wabusu watoto kwa ajili yetu. Tunakuombea kila siku, usingizi zaidi ya kitu kingine chochote.

Ni mimi, baba yako mdogo,
Mathieu