Mkono wa Mzee Kobus Haujaunga Bado

Rosettenville, Johannesburg

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu katika jina la Bwana aliyetulinda mpaka leo. Magoti yanaendeleaje na baridi ya asubuhi? Unakula? Riziki aliniambia kikohozi kimepungua lakini usiku bado kinakuamsha. Tafadhali usifue tena na maji ya baridi, waachie watoto. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio unaonifanya nikuandikie.

Nimetumia karatasi kwa kuwa simu yangu huipokei. Mama Sifa, yule mfanyabiashara wa vitambaa vya vikwembe, anarudi Uvira wiki hii na amekubali kuibeba. Riziki, mdogo wangu, najua wewe ndiye utakayemsomea mama. Soma taratibu, na usiruke mahali hata ukiona aibu kwa ajili yangu.

Mama, najua hasira yako ilianza na ile picha niliyotuma kwenye simu ya Riziki. Nilikuwa nimejaza maganda ya risasi viganjani, yanang'aa kama vikuku vya harusi, nikawaza utafurahi kuona mwanao amekuwa fundi. Riziki akaniambia uliigeuza simu uso chini kwenye mkeka, ukasema, "Mwambie Bahati asinipigie mpaka atoke mahali pale." Na mchele niliowatumia ukaupeleka kanisani, hukuonja hata punje. Niliposikia hivyo niliketi kitandani nikashindwa hata kuvua viatu. Mimi nilikuwa naona shaba tu. Wewe uliona yale maganda meusi yaliyobaki kwenye tope siku mdogo wangu Amani alipopigwa risasi akifunga mlango wa butike yake.

Ngoja nikueleze kazi yenyewe, si kwa kujitetea. Mzee Kobus ni mzungu wa hapa, mjane, fundi wa bunduki za wawindaji. Tunamwita Oom, ndivyo wanavyowaita wajomba kwa lugha yao. Sasa kuna wawindaji wasioridhika na risasi za dukani. Wanataka bunduki ya kipimo chao wenyewe, na risasi ya kipimo hicho hakuna kiwanda kinachoitengeneza. Wanaiita paka wa porini, kwa kuwa hakuna anayeifuga. Basi sisi tunachukua maganda ya risasi nyingine, tunayapaka mafuta, tunayaingiza kwenye kalibu na kuvuta mkono wa mashine mpaka shingo ya ganda inakuwa nyembamba. Shaba ya njano ikibanwa sana inakuwa ngumu, inapasuka, kwa hiyo shingo inapitishwa motoni kidogo ilainike. Baruti siigusi. Kinachotoka mkononi mwangu ni kikopo kitupu. Nilijiambia hivyo muda mrefu, kikopo kitupu tu, na nilikuwa napata usingizi.

Lakini kuna hatua ya mwisho ambayo sikuwahi kuiona. Ganda likitoka kwangu bado halijakamilika. Lazima lipigwe ndani ya bunduki ile yenyewe, moto ulitanue lishike umbo la tumbo lake, na baada ya hapo haliingii tena bunduki nyingine. Kazi hiyo Oom huifanya na mwenye bunduki, nje ya mji, kwenye uwanja wa kulenga shabaha. Mwezi uliopita bega lilimsumbua, akaniomba nikambebee masanduku. Mwenye bunduki ni daktari wa meno, mtu wa utani mwingi. Walinipa vile vya kuziba masikio, nikaviacha vinaning'inia shingoni kwa sababu nilidhani bado wanajipanga.

Mama, sikumbuki vizuri. Nilisikia mlio. Nilipopata akili niko chini kwenye changarawe na Oom yuko chini yangu, nimemfunika kichwa kwa mikono miwili, kama ulivyokuwa unatufunika sisi chini ya kitanda tulipokuwa wadogo. Na daktari alikuwa amelenga karatasi yake tu. Akacheka, "Kobus, mlinzi huyu umemtoa wapi? Mimi nina mbwa, akisikia bunduki anakimbia peke yake."

Oom akasema polepole kutoka chini, "Bahati, shuka sasa, kijana wangu. Hakuna anayetupiga."

Daktari aliendelea kucheka mpaka alipouona mkono. Ni wa kulia, umepinda hapo juu ya kiganja. Ni mimi niliyeuvunja kwa uzito wangu.

Kule lopitali tulikaa kwenye benchi tukingoja wampige picha. Oom akaniuliza, "Amani ni nini?"

"Neno hilo umelisikia wapi, Oom?"

"Ulikuwa unaniambia sikioni. Amani, Amani, tena na tena."

Nikamwambia kwa lugha yetu ni hali ya watu kukaa bila vita. Akaitikia kwa kichwa. "Basi uliniombea vizuri. Sina neno na wewe."

Ningeweza kuacha hapo, mama. Angebaki ameridhika. Lakini nikamwambia, "Oom, ni mdogo wangu. Ndilo jina lake. Walimpiga akifunga butike, na mimi nilikuwa huku."

Alinyoosha ule mkono mzima, akauweka juu ya goti langu, akauacha hapo mpaka alipoitwa. Mimi nikalia palepale, watu wakiona. Muuguzi akadhani mgonjwa ndiye mimi, akaniletea maji.

Wewe ndiye uliyekuwa na Amani siku ile, mama. Wewe ulimfunika na kikwembe chako. Mimi nimemlalia mtu ambaye hakuna aliyemlenga.

Tangu siku ile sijaivuta mashine, kwa ajili ya neno lako. Ndugu mmoja wa kanisani amenitafutia kazi ya ulinzi kwenye duka la vitambaa Fordsburg. Wamesema nianze hata kesho, na kwamba hawatangoja sana. Nilitaka kwenda. Lakini Oom anaishi peke yake, mwanawe wa pekee yuko ng'ambo. Kila asubuhi naenda kumfunga vifungo vya shati, namsongea bugali wa huku, nafagia. Nilimwambia ulichosema. Akanijibu, "Mama amesema, umesikia. Nenda. Hata mimi nilikuwa na mama." Angenikasirikia ingekuwa nafuu.

Juzi aliketi kwenye mashine ajaribu kwa mkono wa kushoto, maana maganda ya daktari hayajaisha. La kwanza likakunjika shingo. Akalitupa, akachukua lingine, nalo likakunjika. "Eish," akasema, "shaba ya leo haina adabu." Alijifanya anacheka, lakini jasho lilikuwa linamdondoka kwenye miwani. Mimi nimesimama na ufagio, mkono unataka kwenda wenyewe. Nikatoka nje nikaenda kusimama kwenye kona, pale kwenye taa za barabarani wanazoziita roboti. Zikawa nyekundu, zikawa kijani, na mimi sivuki.

Nilikwenda kwa Pasta. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mungu hajakukataza kazi hiyo, Bahati. Aliyekukataza ni mama yako. Sasa mbona umekuja kwangu?"

Basi nimekuja kwako. Nimefunga, nimeomba, na kila nikipiga magoti ni uso wako ninaouona. Utaniruhusu nivute mashine ile mpaka mkono wa mzee upone, kisha niondoke? Au niondoke sasa, nimwache na mkono niliomvunjia mimi? Ukisema ondoka, nitaondoka na sitakuuliza tena. Ukisema baki, hakuna punje itakayotoka pale ikafika kwenye sahani yako. Fedha ya kazi hiyo itaishia kwenye dawa za mzee.

Nisalimie baba mdogo seremala na shangazi anayekuletea majani ya sombe. Msalimie mama Pasta na wamama wote wanaokuombea. Na mjane wa Amani, mwambie shemeji yake anamkumbuka kila siku, na mtoto ajue ana baba mkubwa. Riziki, salamu zako umeshazisoma mwenyewe, ila Mungu akubariki kwa kumtunza mama.

Mama, usinikatie tumaini. Kama sauti yangu bado hutaki kuisikia, mwambie Riziki aandike. Nijibu upesi.

Mwanao,
Bahati