Ndege Ilipotua Nami Nikabaki Kitini

Nyumba ya nyuma ya mashine ya kusaga,
Jumamosi, tarehe nane.

Mpendwa mdogo wangu Kitinda,

Hujambo, mama? Macho yanaendeleaje, bado unatofautisha mtu na mlango? Shemeji anayekusomea hajambo? Huku sote wazima, ila goti langu, na goti langu ulishalizoea. Ananiandikia fundi cherehani wa mlango wa pili. Wanangu nimewaonea haya.

Dawa ya kifua uliyonitumia imefika. Iko juu ya kabati, sijaifungua. Kitinda, sikuumwa kifua. Sikuumwa chochote. Ile ndege ya kuja kwako niliipanda.

Unakumbuka ulipoolewa? Basi lilikuchukua, ukafika siku ya tatu miguu imevimba kama mito ya kulalia. Tangu hapo kwangu wewe uko mbali, basi. Nikachemsha mayai ya safari, nikabeba blanketi, nikaaga mtaa mzima, hata yule muuza mkaa tusiyesalimiana. Foleni ya kwenda uwanja wa ndege ilinichosha mpaka nikasinzia. Huko juu sasa? Yai la kwanza sijamaliza kumenya, tumetua! Fundi, andika kwanza, utacheka baadaye.

Nikajua ni kituo tu, kama basi linaposimama watu wajisaidie. Wengine wakashuka, wengine wakabaki, nami nikabaki. Binti mhudumu akauliza, "Bibi, hushuki hapa?"

"Nishuke wapi, mwanangu? Mdogo wangu anakaa mbali."

Akaomba karatasi ya safari. Nilikuwa nimeificha ndani ya soksi, nikamwambia kumvua mtu mzima soksi mbele za watu si adabu. Akaniacha. Ndege ikaruka tena, wakanishusha mji wa mbele, ndipo nikaambiwa nimekupita.

Jioni wakanirudisha na ndege ileile, ikatua tena hapo kwako. Binti akainama, "Bibi, ni hapa. Twende nikushike mkono." Nikawaza ulivyosimama hapo nje na mkamwana wako kuningoja tangu asubuhi, nikaona nitachekwa mpaka na vitukuu. Nikasema, "Nirudishe kwangu." Mara ya kwanza ulikuwa ujinga. Ya pili ni kiburi, mdogo wangu, na akili nilikuwa nazo. Nilipofika nikamtuma mwanangu akupigie, aseme kifua.

Hata hilo si kubwa. Ulipojifungua, nilisema mbali. Ulipomzika mwanao, mbali. Kumbe ni yai moja, tena halijamenywa.

Alhamisi unapasuliwa macho, na daktari hakukuahidi kitu. Ulitaka unione kwanza. Nakuja Jumanne, karatasi mkononi, blanketi naliacha. Usinisamehe kwa barua. Ngoja nishuke, unitazame vizuri, useme lililo moyoni. Dawa yako nitakuja nayo.

Nisalimie shemeji, mkamwana, na mjukuu wetu Kibogoyo, kama bado hajaota meno. Mungu azitunze mboni zako mpaka nifike, na baada ya hapo pia.

Wako akupendaye, aliyekupita mara mbili,
Dada yako mkubwa.