Mke Mwenza wa Bandani

Jumatatu, 5 Januari 2009

Petroli ya mwaka jana kwenye mashine ya theluji imeharibika. Nimeimwaga yote. Nimefungua kabureta, nikaisugua kwa mswaki wa zamani wa binti yangu Riziki, nikaifunga, nikavuta kamba mpaka bega likauma. Ikakohoa, ikazima. Nikaitukana. Ikawaka wakati wenzangu wamekwenda kunywa chai, kwa hiyo hakuna aliyeona.

Hapa makaburini hakuna anayeijali mashine ya theluji isipokuwa mimi. Ni ya Kimarekani, kuukuu, nzito kama punda aliyegoma. Mbele ina parafujo kubwa linalokokota theluji, na juu ina bomba la kuitupa pembeni. London theluji nyingi haiji kila mwaka, na meneja alitaka kuiuza kwa wanunua vyuma. Nilimwomba aiache. Barabara ya kutoka langoni hadi upande wa Waislamu inapanda kilima, na yeye ana sheria yake: barabara isiposafishwa, gari la maiti halipiti. Gari lisipopita, hakuna maziko.

Mwaka juzi bibi mmoja wa Kisomali alikaa kwenye friji ya maiti karibu wiki nzima kwa sababu hiyo. Wanawe walikuwa wanakuja langoni kila asubuhi. Mashine ilikuwa mbovu. Niliwaambia barabara haijasafishwa, wakarudi. Sijasahau nyuso zao.

Alhamisi, 8 Januari

Hospitali wamemaliza kazi yao. Hawakusema hivyo. Walisema Mwanaisha arudi nyumbani apumzike. Mke wangu si mtoto, alielewa kabla yangu.

Kwenye teksi, tulipofika Stratford, alifunga koti mpaka shingoni. Kisha akasema, "Baba Riziki, mimi usije ukaniweka friji." Nikamwambia aache maneno hayo. Hakuacha. "Baridi ya nchi hii nimeiogopa tangu siku tuliyoshuka uwanja wa ndege. Nikifa nizike upesi, kama kwetu."

Nimemwahidi. Nimeapa, tena kwa jina la Mungu.

Naandika haya jikoni. Naogopa. Wanasema baridi ya mwaka huu itakuwa kali. Theluji ikianguka naye akaondoka wakati huohuo, nitakuwa mtu wa kuzuiwa kwenye lango ambalo mimi mwenyewe nina ufunguo wake. Ile mashine lazima iwe tayari. Dawa siziwezi. Hilo naliweza.

Jumamosi, 10 Januari

Jana niliijaribu kwenye rundo la majani yaliyoganda. Pini imevunjika. Pini ni kijibolti laini kinachoshika parafujo kwenye mhimili wake. Kimetengenezwa kivunjike parafujo likikwama. Kimevunjika, na akiba sina. Nimepiga simu kwa wauza spea. Mmoja alicheka, akaniuliza kama nakaa kwa Waeskimo kwenye barafu.

Leo nimekwenda Kingsbury, kwa Mzee Kanji, Mhindi wa Mombasa anayeuza kufuli, mikanda ya cherehani na kila takataka ya chuma. Aliigeuza ile pini mkononi kama anapima dhahabu. "Njoo Jumamosi ijayo nitakuwa nayo," akasema. "Lakini sikia, bwana mdogo. Usije ukatia bolti ngumu. Kazi yake ni kuvunjika hii."

Mimi nina miaka hamsini na tatu na bado ni bwana mdogo. Nilicheka mpaka kwenye treni.

Niliporudi Mwanaisha alinusa koti langu. "Umetoka kwa mke mwenzangu," akasema. Ndilo jina aliloipa mashine. "Hali yake?" Nikamwambia anaumwa. "Basi tuko wawili," akasema, akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi kisichoisha. Riziki akaja na maji.

Jumanne, 13 Januari

Redio imesema kesho huenda ikaanguka theluji. Sikuweza kusubiri Jumamosi. Nimetia bolti ngumu.

Iliwaka vizuri. Nikaipeleka kwenye rundo lilelile. Ndani kulikuwa na kipande cha jiwe la kaburi la zamani. Parafujo likakwama. Bolti haikuvunjika. Ikasikika sauti moja ndani ya giaboksi, kama mtu anayetafuna mfupa, halafu injini ikawa inanguruma bure na mbele hakuzunguki kitu.

Nimeifungua. Gia ya shaba imebaki kibogoyo. Meno yote yamo kwenye grisi.

Mjinga mimi. Mjinga kabisa. Niliambiwa.

Jumatano, 14 Januari

Haikuanguka theluji. Mvua tu.

Jumatatu, 19 Januari

Gia hiyo haipo Uingereza nzima. Nimempata mtu Marekani, kwa simu. Anayo, ataituma kwa posta. Lini itafika hajui. Nimemuuliza mara tatu akachoka na mimi.

Jumamosi nilichukua pini kwa Mzee Kanji. Kazileta kweli, kazifunga kwenye gazeti. Aliuliza mashine ikoje. Nikasema nzuri. Niliona haya.

Mwanaisha naye ameuliza. Nikamwambia, "Mwenzio amepona. Ananguruma." Akafumba macho, uso ukalegea kama aliyetuliwa mzigo. Sasa nimemdanganya mke wangu, na uongo wenyewe umemfaa kuliko dawa. Siwezi kuurudisha.

Kila nikitoka kazini napitia bandani ilipo mashine. Nafungua giaboksi, naitazama, nafunga. Hakuna cha kutengeneza. Jioni Riziki alinisubiri mlangoni. Huyu mtoto Kiswahili anakielewa chote, ila akikujibu ni Kiingereza. "Baba, she asks for you all day. Just sit with her. Please."

Ati mamake ananiulizia kutwa, nikae naye tu. Nilimfokea. Kisha nikaingia chooni nikafunga mlango. Nilikasirika kwa sababu alisema kweli. Bandani kuna kitu kilichovunjika ninachokifahamu. Chumbani kwetu sifahamu chochote.

Jumapili, 25 Januari

Nimechukua likizo. Nashinda naye.

Leo kala mbaazi za nazi, kidogo tu, za mkebe. Amelalamika nazi haina ladha. Nimefurahi kusikia analalamika. Nimemkanda miguu. Imekuwa miembamba sana. Nimemchana nywele vibaya akaninyang'anya kitana.

Bakari, rafiki yangu anayeosha mabasi kule Stratford, amekuja na mkewe. Wamesoma Yasini. Walipotoka Mwanaisha akanitazama. "Huendi kwa mwenzangu leo?"

"Leo zamu yako," nikamwambia.

Alicheka bila sauti. Alinishika kidole gumba akalala nacho. Mkono ulikufa ganzi, sikuutoa.

Ijumaa, 30 Januari

Mwanaisha amefariki asubuhi. Nilikuwepo. Riziki alikuwepo. Nilimtamkisha shahada, midomo ikamfuata, kisha ikaacha kufuata.

Kutwa nimekimbizana na karatasi. Daktari, kisha ofisi ya vizazi na vifo, foleni, karani mpole ambaye upole wake haukuharakisha kitu. Nimetoka na kibali jua limezama. Na makaburi yetu hayafunguliwi Jumamosi wala Jumapili. Mimi ndiye ninayeyafunga. Maziko ni Jumatatu asubuhi.

Wanawake watamwosha msikitini. Mpaka Jumatatu atakuwa kwenye chumba cha maiti cha msikiti.

Kwenye friji. Nimeliandika neno hilo. Niliapa kwa jina la Mungu na haujapita hata mwezi.

Jumapili, 1 Februari

Inaanguka. Imeanza jioni, vipande vikubwa, kimya kimya. Watoto wa jirani wanapiga kelele za furaha huko nje. Nimewachukia. Nimeichukia nchi hii na kila nilichokijia.

Nimekwenda bandani. Mashine iko pale tumbo wazi, gia haijafika. Nimekaa juu ya ndoo nimeitazama. Ningesubiri siku nne tu zile za Mzee Kanji, sasa ingekuwa nzima.

Jumatatu, 2 Februari

Naandika leo leo, nisije nikasahau ilivyokuwa.

Mabasi hakuna London nzima. Nimekwenda kwa miguu baada ya alfajiri, theluji inafika juu ya kiatu. Nikafungua lango, nikachukua beleshi. Kaburi wenzangu walikuwa wamelichimba Ijumaa na kulifunika mbao, hilo halikunitia hofu. Barabara ndiyo. Nikaanza langoni. Nachota, natupa, nachota. Nikigeuka nyuma, theluji mpya imeshafunika nilipotoka.

Meneja akapiga simu. Yeye amekwama kwao, mbali. Akasema pole sana, akasema kwa kweli anasikitika, lakini gari haliwezi kuingia, bima hairuhusu, tutazame tena wiki ikikaribia kwisha. Nilimjibu "Yes, sir." Mdomo wangu ulijibu wenyewe. Nikarudi kuchota. Nililia nikichota. Mikono haikuwa na hisia tena.

Gari la msikiti likaja polepole kwa barabara kuu, likasimama nje ya lango. Bakari akashuka. Akanitazama, akatazama kile kijia changu kisichotosha hata mkokoteni.

"Unafanya nini, ndugu yangu?"

"Natengeneza njia. Gari lipite."

"Gari la nini?"

Sikumwelewa. Akaja akaninyang'anya beleshi. "Kwenu Mombasa babako alizikwa kwa gari?"

Nilisimama pale kama mtu aliyezabwa kofi. Babangu alitolewa nyumbani mabegani. Nami nilimbeba, nilikuwa kijana. Kila maiti niliyemwona utotoni alikwenda juu ya mabega ya watu, na mimi miaka yote hii ya kufungua na kufunga lango nimewaza gari, barabara, mashine. Sheria ya meneja inasema gari. Watu haikuwataja.

Wakaja watu. Nilidhani tutakuwa wachache, nani atatoka siku kama hii? Kumbe kazi zote zimefungwa, kila mtu yuko nyumbani kwake. Wakaja kwa miguu, Wabengali wa dukani, Wapakistani, Waswahili wenzetu, vijana nisiowajua majina. Jumatatu ya kawaida nisingepata hata robo yao. Riziki alisimama langoni na mke wa Bakari. Nilimwona ameweka mkono juu ya jeneza, kisha akauondoa.

Tukambeba. Kilima kilikuwa kinateleza. Mtu anashika hatua chache, anampisha mwenzake, jeneza linasonga mbele kama linatembea lenyewe. Waliotangulia walikanyaga theluji, waliofuata wakapita penye nyayo. Halikuyumba hata mara moja.

Katikati ya kilima nikageuka kuona aliyeshika upande wa pili. Ni mtoto mkubwa wa yule bibi wa Kisomali. Yule wa mwaka juzi. Ni mtu wa Kismayu, Kiswahili anakijua. Nikageuza uso, nikaendelea kupanda. Tulipoliteremsha jeneza kando ya kaburi alijipangusa mikono, akatazama chini ile njia tuliyokuja.

"Kumbe inawezekana," akasema.

Hakusema kwa hasira. Afadhali angenipiga. Mama yao alikaa kwenye friji karibu wiki nzima kwa sababu mimi nilisimama langoni na koti la kazi, nikasema barabara haijasafishwa, na wao wakaniamini.

Nikaingia kaburini na Bakari. Nikampokea mke wangu. Alikuwa baridi kupita kiasi, hata kwa sanda. Nikamwomba radhi kwa sauti, mbele za watu.

Alhamisi, 19 Februari

Theluji imekwisha siku nyingi. Maua madogo ya njano yameanza kando ya ukuta.

Gia imefika. Kijisanduku kidogo, stempu za Marekani. Nilidhani itakuwa nzito zaidi. Nimeosha giaboksi, nikatia grisi mpya, nikaipachika gia. Nikatia pini laini za Mzee Kanji, zimekaa vyema. Nikatia petroli mpya. Nikavuta kamba mara moja tu.

Imewaka. Parafujo likazunguka bila kelele. Meneja akapita, akauliza kwa nini naiwasha na theluji hakuna. Nikasema najaribu. Akasema good man, akaenda zake.

Nikaizima, nikaifunika turubai.

Mchana nimewatafuta wale Wasomali, nimekwenda mpaka nyumbani kwao. Nimewaomba radhi kwa yale ya langoni. Wakanipa chai. Hawakusema wamenisamehe, wala hawakusema hapana.

Kisha nikarudi kazini nikapanda kilima kwa miguu. Udongo wa kaburi umeanza kushuka, utahitaji kuongezwa. Nikamwambia Mwanaisha, mwenzio amepona, safari hii ni kweli. Wenzangu waliniita chai. Sikushuka. Nilikaa naye mpaka wakati wa kufunga lango, leo ilikuwa zamu yake.