Koti la Sakaya

Baba Sakaya,

Uji uko jikoni, nimeufunika. Ndama yuko nyuma ya nyumba. Usimfungulie anyonye kabla hujakamua. Kuni za jioni zipo.

Nimefungua sanduku la mwanetu. Najua ulisema lisiguswe.

Asubuhi, ulipokuwa umepeleka ng'ombe mtoni, mwalimu wake alikuja. Alisimama mlangoni, hakutaka hata kukaa. Ule ufadhili wa baraza, ambao Sakaya angeutumia kusomea uhandisi Kampala, sasa wamempa Simel, mtoto wa yule mjane wa Olasiti. Anaondoka leo. Nikamuuliza, "Ana nguo ya baridi ya njiani?" Akasema, "Mama, ana shati alilovaa tu."

Mwalimu alipoondoka nililia sana. Nilimchukia yule kijana, Mungu anisamehe, kwa sababu yeye yu hai. Halafu nikakumbuka walivyokuwa wakifanya hesabu pamoja hapa kwetu, Sakaya akimmegea kiazi chake bila kuombwa.

Nimechukua koti, viatu na ile bikari yake ya kuchorea miduara. Shati lake la kipaimara nimekuachia wewe.

~~Usinifuate.~~ Njoo, tafadhali. Basi la Nairobi, atakakopandia la Kampala, linaondoka mchana, pale sokoni. Yule mtoto hana baba wa kumwekea mkono kichwani, na mimi peke yangu sitaweza kulitazama lile koti likipanda basi.

Mama Sakaya