Alva Anamwigiza Mama

Jumatano, 8 Mei

Siku tisa zimebaki! Tarehe kumi na saba, sikukuu ya taifa, nitasoma hotuba ya wanafunzi mbele ya mji mzima, baada ya maandamano ya bendera. Mimi — mwenye kigugumizi! Mwalimu Gaute alinichagua mwenyewe. Kila jioni Mama anakaa mwisho wa meza ya jikoni, mimi nasoma nimesimama. Leo nimekwama mara nne tu. "Utawaliza wewe, Runa!" kasema Mama. Mdogo wangu Alva, miaka minne, alikuwa chini ya meza akituiga. Anaiga kila kitu siku hizi, hata Mama anavyopuliza kahawa.

Jumamosi, 11 Mei

Alva alikuwa akicheza kupiga simu kwa rimoti. Akatoka kwenda roshani, akafunga mlango wa kioo kwa kisigino — Mama kabisa! Nikacheka. Nikasogea nisikie.

Mkono kwenye paji la uso. Sauti ya chini. "Gaute, mpe Hedvig asome. Mimi siwezi kuvumilia. Watu watamwangalia Runa wangu akikwama. Lakini usimwambie ni mimi, eh?" Kisha ile "ndiyo" ya Mama, ya kuvuta pumzi ndani.

Nikamuuliza kayatoa wapi. "Mama ndivyo anavyoongea na simu," akasema, akaendelea na mazungumzo yake.

Mtoto wa miaka minne hawezi kutunga hayo. Au anaweza? Laiti angekuwa ametunga.

Jumatatu, 13 Mei

Hakutunga.

Gaute aliniita baada ya kipindi cha hesabu. Hedvig wa darasani kwetu atasoma — hotuba yangu, niliyoiandika mimi! Mimi nitabeba bendera ya shule, mbele kabisa. "Ni heshima kubwa, Runa." Hakuniangalia usoni.

Nyumbani nikamwambia Mama. Akaweka mkono kwenye paji la uso. "Jamani, mwanangu! Nani kaamua hivyo?"

Mkono uleule. Alva alimwiga mpaka vidole.

Jioni Mama akavuta kiti: tusome tu, kwa raha zetu. Nikasema tumbo linauma.

Alhamisi, 16 Mei

Nimemwambia Gaute nataka kusoma mwenyewe. Sentensi moja — nikakwama mara tatu, nikaimaliza. Akajikuna shingo. Kwake sawa, akasema, ila Mama ampigie leo. Kwa nini Mama? Akaanza kufuta ubao.

Mama alikuwa akipiga pasi shati langu la sikukuu. Nikasema: "Mpigie. Hapahapa jikoni, mlango wazi." Akajua kwamba najua. Akaisahau pasi juu ya kola mpaka nikaiondoa mimi.

Naandika hapa ngazini. Namwona kupitia mlango. Simu inaita. Gaute kapokea.

"Gaute, ni mimi. Ile hotuba — nili — nili—"

Mama hajawahi kukwama maishani mwake! Alva amesimama mbele yake, anamtazama mdomo. Mama anaanza tena. Neno linagoma. Ananigeukia mimi.

Neno analolitafuta nalijua. Nimekaa tu, simtamkii.