Taya Langu na Ndoa ya Zuhura

Jumatatu, 3 Juni
Nimebeba lumbesa kumi na nne za kabichi, magunia ya kujaza kupita mdomo, toka mlimani hadi kwenye fuso. Mchana uji tena. Taya la kushoto bado linauma. Kidole kimoja tu ndiyo kinapita kwenye meno. Mwezi uliopita niling'oa jino la nyuma, nikidhani ndilo. Lilikuwa zima. Jino limeenda, maumivu yamebaki.
Zuhura anaolewa Ijumaa ya wiki ijayo. Mama yake yuko kaburini mwaka wa pili. Mimi baba ndiye wa kutamka namwozesha. Mdomo wenyewe ndiyo huu.

Jumatano, 5 Juni
Hospitali, kwa binti wa mazoezi ya viungo. Shikamoo mzee, fungua mdomo. Haukufunguka. Kavaa glavu, kaingiza kidole ndani ya shavu, kakandamiza nyama karibu na sikio. Machozi yamenitoka. Binti umri wa Zuhura. Aibu.
Kauliza kazini nauma nini. Kamba. Mikono yote miwili inashindilia kabichi, kamba ya kufungia gunia la roba naikaza kwa meno. Wabebaji wote tunafanya hivyo. Kasema basi, si jino, ni kiungo cha taya na nyama zake. Kamba marufuku. Kitambaa cha moto asubuhi na jioni.

Jumatatu, 10 Juni
Nimekandwa mara ya tatu. Vidole viwili vinapita. Nimekula ugali, matonge madogo.
Nimejaribu maneno ya ndoa mbele ya Zuhura. Kasema baba, nimesikia yote.
Kaja shemeji Rajabu, kaka wa marehemu. Anataka aozeshe yeye, eti kwa mila mjomba ndiye mwenye mtoto. Kanisikia nikijaribu, kanitania: "Shemeji, hapo unaozesha au unatafuna karanga?" Nimekataa. Mtoto wangu, namtamkia mwenyewe.

Jumatano, 12 Juni
Mjinga mimi. Fuso linaondoka, dereva anapiga honi, roba limefumuka, kabichi zinabingirika. Wanapiga kelele, kaza mzee, kaza. Nikauma kamba. Sikufikiria. Kitu kimelia "ka!" sikioni.
Hata kijiko hakiingii.

Alhamisi, 13 Juni
Binti kanikanda nusu saa. Kasema mdomo haufunguki kwa siku moja, na halazimishi. Hakunigombeza. Bora angenigombeza.

Ijumaa, 14 Juni
Nimeshika mkono wa bwana harusi. Nikaanza. Sheikh kasema rudia mzee, hatujasikia. Nikarudia. Udenda ukanitoka. Nyuma mtu kacheka. Kijana wa watu kainamisha kichwa.
Nikamwonyesha Rajabu kwa mkono. Katamka yeye kwa niaba yangu. Sauti kubwa, hajakosea hata neno. Hakunitania. Hiyo ndiyo imeniuma.
Zuhura kaondoka na mumewe kwenda kuishi Dumila. Kaniaga, nikaitikia kwa kichwa.

Jumanne, 25 Juni
Siendi mlimani wiki hii. Nimetoka kukandwa. Vidole vitatu.
Nimefika nyumbani, nikakaa kitandani, nikayasema yale maneno yote. Jina lake, jina la mumewe, mahari. Yametoka vizuri.
Nikaenda kuchota maji.